Jina la Mume Hewani

Hafsa alibonyeza kitufe cha redio, akafungua kinywa, na jina likakataa kutoka.

Maji yalikuwa yakitiririka chini ya mlango wa chumba cha kumi na saba, yanalowesha zulia la varandani, na mgeni, Mjerumani mzee aliyevaa taulo, alikuwa amesimama juu ya kitanda utadhani ameona nyoka. Bomba la sinki lilikuwa limechomoka. Kilichotakiwa hapo ni neno moja tu, jina la fundi wa zamu. Na fundi wa zamu asubuhi ile alikuwa Alfani, na Alfani alikuwa mume wake wa ndoa, ambaye tangu waoane Hafsa hajapata kumtaja kwa jina, si mbele yake wala nyuma yake. Kwao Msambweni mke mwenye adabu zake hamtaji mumewe. Humwita kwa jina la mtoto, na mtoto akiwa bado hajazaliwa, husema "wewe" kwa upole na mwenyewe akajijua.

"Baba Mwanasiti," akasema mwisho, kwa sauti ya kunong'ona. "Baba Mwanasiti, tafadhali. Chumba cha kumi na saba."

Sasa, redio zile ndogo za mkononi hazijui kunong'ona. Neno likisemwa katika moja husikika katika zote, jikoni, langoni, bwawani, mapokezi na kwa meneja. Jikoni Jefwa, mpishi Mgiriama asiyeweza kuuona mzaha ukapita bila kuusalimu, alibonyeza ya kwake. "Baba Mwanasiti, unaitwa na mahaba. Kimbia, baba!" Vicheko vikafuata hewani kutoka kila pembe ya hoteli. Redio ya Alfani mwenyewe ilikuwa mapokezi inachajiwa, na aliyekuwa mapokezi ni Ndolo, mtu wa Makueni aliyeajiriwa juzi tu. Ndolo hakujua Baba Mwanasiti ni nani. Alidhani ni mgeni wa hoteli, na kwa bidii yake yote akaanza kumtafuta katika kompyuta.

Alipopata kuelezwa, maji yalikuwa yameshuka ngazi.

* * *

Muthoka, meneja wa vyumba, hakuwa mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, maana hadithi za mabosi huanza kwa kuwachafua. Alimpa Hafsa kiti, akammiminia maji katika gilasi, akasubiri anywe.

"Hafsa, mimi sina shida na wewe. Kazi unafanya poa. Ndiyo maana nilikutoa kwa ndoo nikakupa usimamizi. Lakini niambie, Baba Mwanasiti ni nani?"

"Ni fundi, bwana."

"Fundi gani? Niko na mafundi watatu."

"Yule wa zamu."

Muthoka aliweka kalamu chini akamtazama. Taratibu akaelewa, na kwa heshima yake hakucheka. "Huwezi kusema jina yake?"

"Ni adabu tu, bwana. Si kwamba nakataa kazi."

"Hata kwetu Ukambani kuko na adabu. Mimi na mama ya bibi yangu hatuwezi kukaa meza moja. Tukipatana njiani, mmoja anapita kwa shamba. Lakini huyo mama akiwa mgeni hapa na chumba yake ishike moto, mimi nitaenda kumbeba mgongoni. Adabu nitaomba msamaha kesho." Akavuta pumzi. "Ile redio ni ya watu wengi. Jina inatajwa ili kila mtu ajue nani ameitwa. Uko kwa majaribio hadi mwisho wa mwezi. Ukitaja jina, unabaki. Usipotaja, nitakurudisha vyumbani. Sitapenda, lakini nitakurudisha."

Hafsa aliyasugua magoti yake chini ya meza. Alikuwa ameyapigisha sakafu za hoteli ile tangu Mwanasiti yu mchanga, na sasa Mwanasiti yuko bweni, kidato cha pili. Siku hizi akiinuka kutoka kwenye sijda alishika ukuta. Usimamizi ulikuwa ni kusimama, kama neno lenyewe lisemavyo, na kusimama ndiko magoti yake yalikokuwa yakiomba.

"Nimekuelewa, bwana," akasema.

* * *

Jioni walirudi nyumbani Bongwe kwa pikipiki yao, Alfani mbele, Hafsa nyuma amekaa upande, mkono mmoja kiunoni mwa mumewe. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Ni ajabu ya watu hawa wawili kwamba walikuwa wakifanya kazi chini ya paa moja, wakilala kitanda kimoja, na bado jambo dogo la kuambiana lilihitaji kupangwa kama safari ya Hija.

Walipofika aliingia kuvua baibui, akatoka akamkuta anaipangusa pikipiki. "Nimeambiwa nikuite kwa jina. Kazini," akasema. "Kwenye redio."

Alfani aliendelea kupangusa pale pale palipokuwa pameshatakata. "Nani kakwambia?"

"Bwana Muthoka."

"Kazi ni kazi," akasema Alfani, akaenda kutia udhu.

Hafsa alibaki amesimama. Angejibiwa ndiyo, angefurahi. Angejibiwa la, angejua la kufanya. Lakini "kazi ni kazi" ni maneno ya mtu asiyetaka kuulizwa tena. Usiku huo, akiwa bafuni peke yake, aliinamia ndoo akalisema jina lile polepole, kujizoeza. Alfani. Mara ya mwisho kulitamka alikuwa kigori, na mwenye jina alikuwa kijana wa mtaa wa pili aliyekuja kutengeneza pampu ya kisima. Likatoka tamu kinywani, na huo utamu wake ukamtia haya hata akajimwagia maji kwa haraka ili aondoke mle bafuni.

* * *

Kesho yake alimwita. "Alfani, Alfani. Chumba cha tisa, taa." Kila jina hutajwa mara mbili kwenye redio, ndiyo kawaida, na kwa Hafsa ile ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Hewa ikanyamaza muda mrefu kuliko inavyostahili. Halafu sauti ya mumewe ikaja, kavu, kwa neno la redio la kusema nimekusikia: "Nakupata."

Angalau alijibu. Lakini Jefwa naye alikuwepo. Akaiga sauti nyembamba ya kike, akailegeza hewani, "Alfaniii, Alfaniii, usisahau chumvi ukirudi!" na walinzi wa langoni wakacheka wakasahau kufungulia gari. Siku zikaenda hivyo. Hafsa akiita, Jefwa akiiga, na "nakupata" ya Alfani ikizidi kuwa fupi, hata ikabaki "Naam" tu, kisha kikohozi.

Nyumbani maneno yalikuwa yameshafika kabla yao. Mama yake Alfani, Bi Chiku, aliyehamia kwao alipofiwa na mumewe, alipata habari kwa jirani ambaye binti yake anafua mashuka palepale hotelini. Bi Chiku hakumgombeza mke wa mwanawe. Watu wa pwani hawagombezi mtu wakati yupo paka. Alimwambia paka.

"Weye paka," akasema, Hafsa akipita na sinia la wali, "huko kazini kwenu hata weye una jina? Basi shukuru Mungu. Siku hizi waume wa watu huitwa mbele ya walimwengu kama mtoto aliyetumwa dukani akachelewa. Nami nimekaa na mume wangu hata akazikwa, kinywa changu hakijamtaja."

Hafsa aliliweka sinia chini. "Karibu chakula, Mama."

"Paka, mwambie nimeshiba."

Alfani alikula akitazama sahani. Hakumtetea mke wala hakumuunga mkono mama, na ukimya huo ulimchoma Hafsa kuliko maneno ya paka. Alitamani kumshika mabega amwambie, nitazame, ni mimi yule yule. Lakini hayo nayo yalihitaji kupangwa, na alikuwa amechoka.

* * *

Jumamosi ilikuja harusi kutoka Nairobi. Ukoo mzima, watoto kwa wazee, ukajaza ghorofa ya juu, na Muthoka alikuwa amekwenda Mombasa kwenye mkutano. Hoteli ilikuwa mikononi mwa wasimamizi. Saa za mchana, watu wote walipokuwa wakijitayarisha kwa sherehe, maji ya ghorofa ya juu yakakatika.

Bibi yake bwana harusi, mwanamke mkongwe sana, alikutwa bafuni ana povu la sabuni kichwa kizima, macho kayafumba, anapapasa ukuta. "Ni nani amezima maji?" alikuwa akiuliza. "Mniambie nimekosea nini."

Hafsa alibonyeza kitufe. "Alfani, Alfani. Pampu ya juu. Hakuna maji." Kimya. Akamngoja. "Alfani, Alfani, nipate. Pampu ya juu." Kimya, kisha kile kisauti chembamba cha Jefwa, kikafuatiwa na vicheko vya watu wanaokula. Mara ya tatu hakujali tena adabu wala redio. "Alfani, Alfani, tafadhali. Nakuomba."

Hakuna aliyejibu. Jefwa naye akanyamaza, maana hata mtani hujua pale utani unapoisha.

Hafsa aliiweka redio kiunoni, akateremka jikoni, akajaza ndoo mbili, akazipandisha ngazi mwenyewe na magoti yake yale. Alimkalisha yule bibi kwenye kigoda, akamkinga macho kwa kiganja, akammwagia maji kidogo kidogo hadi povu lote likaisha. "Pole, mama yangu. Pole sana. Hujakosea kitu." Bibi akamshika mkono akamwombea baraka kwa Kikamba, maneno ambayo Hafsa hakuyajua, lakini aliitika amina.

Fundi wa zamu nyingine aliitwa kutoka kwake Ukunda kwa simu, akaiwasha pampu. Wenye harusi walichelewa kutoka. Hawakutukana, walilalamika tu kwa utulivu wa watu wanaojua watalalamika kwa nani.

* * *

"Nimeambiwa maneno mengi," akasema Muthoka Jumatatu. Safari hii hakummiminia mtu maji. "Wengine wanasema uliita. Wengine wanasema hawakusikia kitu. Mimi sitaki za wengine. Wewe ndiwe msimamizi, na neno yako ndiyo nitaandika. Alfani alikuwa kwa zamu. Kama uliita na akakataa kujibu, nitamsimamisha kazi, na akirudi atarudi na alama mbaya. Kama hukuita, basi kosa ni yako, na tulishaongea mimi na wewe. Kwa hivyo nakuuliza. Ulimwita?"

Hafsa alimwona mumewe moyoni mwake, si yule wa kikohozi, bali yule aliyekesha naye Mwanasiti alipokuwa na surua, akimpepea mtoto kwa kipande cha boksi hadi alfajiri. Mtu yule angeketi nyumbani, majirani wakipita wakiuliza, "Leo huendi kazini?" Angejibu nini? Kwamba mkewe kamshitaki?

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hafsa aliukwaza ulimi wake kwa makusudi.

"Sikumwita," akasema.

Muthoka hakuandika. "Hafsa."

"Niliona haya, bwana. Sikumwita."

"Basi kesho nitatangaza," akasema Muthoka, akageukia dirisha. Alionekana kama mtu aliyeibiwa mbele ya macho yake na hana ushahidi.

* * *

Siku hiyo alirudi peke yake, na nyumbani aliitoa habari bila mapambo. "Narudi kusafisha vyumba," akamwambia Bi Chiku, akaingia jikoni kuwasha moto. Jiko lao lilipakana na baraza, ukuta wenyewe wa udongo uliopasuka, na maneno ya baraza huingia jikoni bila kubisha.

"Basi alhamdulillahi," akasema Bi Chiku. "Nyumba itatulia."

"Haitatulia, Mama." Ilikuwa sauti ya Alfani. Hafsa hakujua kama ameshafika. "Aliniita."

"Aliyekuita nani?"

"Mke wangu. Jumamosi aliniita mara tatu. Nilikuwa kantini na wenzangu, redio i mezani. Jefwa akaiga sauti yake, watu wakanicheka. Nikaizima. Mama, nilimsikia vizuri kabisa, na nikaizima. Leo kaulizwa, kasema hakuniita. Jefwa kanambia, na hotelini wote wajua kwamba kasema uongo kwa ajili yangu."

Hafsa aliuacha upepeo. Moto ukajizimikia wenyewe.

Bi Chiku aliposema, hakumsemesha paka. "Babako alipolazwa pale hospitali, muuguzi alikuja na daftari lake akaniuliza mgonjwa yuwaitwa nani. Nikageuka nikutafute weye unitajie. Weye ulikuwa umekwenda nunua maji. Nikamwambia yule mwanamke, ngoja mwanangu aje. Akangoja, maskini, na kazi zake zote. Babako alikuwa macho. Yuwanitazama pale, yuwacheka kwa mdomo wa upande kama kawaida yake. Akasema, 'Sema tu, Chiku. Leo nakupa ruhusa, sema nisikie.'"

"Ukasema?"

"Niliona haya. Nikamwambia ukipona ntakuita." Sauti yake ikakatika, akaiunga tena. "Hakupona. Hata leo nikimwombea nasema, Mola mrehemu Baba Alfani. Mola amjua, sina shaka. Lakini yeye alitaka kusikia, mwanangu. Kitu chepesi vile. Nami nikamnyima nikidhani namheshimu."

Halafu, kwa sauti ndogo kama ya msichana anayejaribu kiatu kisicho chake, Bi Chiku akasema, "Nassir."

Alfani hakuthubutu kukohoa.

"Nassir," akarudia mamake, na safari hii alikuwa akilia waziwazi. "Ni jina zuri, kumbe."

Jikoni, Hafsa alijiziba mdomo kwa upindo wa leso yake. Alimlilia mkwewe aliyekufa bila kuitwa, na akamlilia Bi Chiku, na kidogo, kwa siri, akajililia mwenyewe.

* * *

Kila asubuhi kabla ya zamu, wafanyakazi wa hoteli husimama mistari nyuma ya jiko, na Muthoka huwasomea habari za siku: wageni wanaoingia, wanaotoka, nani hali mayai, nani ana mtoto mchanga. Mwisho huuliza, "Kuna mtu yuko na swali?" Swali hilo huulizwa ili lisijibiwe. Kwa miaka yote hakuna aliyekuwa na swali.

Siku ile alimaliza kusoma, akasema kwamba Hafsa atarudi vyumbani kuanzia wiki ijayo. Hafsa alitazama viatu vyake. "Kuna mtu yuko na swali?"

"Niko na neno," akasema Alfani.

Watu waligeuka. Alfani hakuwa msemaji, hata mazishini hupewa kazi ya kubeba tu. Alitoka mstarini, kofia mkononi.

"Jumamosi mke wangu..." Akakohoa. "La. Hapa ni kazini. Jumamosi msimamizi wangu aliniita. Aliniita kwa jina langu kama alivyoagizwa, mara tatu. Nilimsikia nikazima redio kwa sababu nilichekwa. Bibi wa watu akakaa na sabuni machoni kwa ajili yangu. Yeye hana kosa."

Muthoka alikunja karatasi yake. "Unajua hiyo ni wiki mbili nyumbani, bila mshahara?"

"Najua, bwana."

"Na mimi, bosi," ikaja sauti kutoka mstari wa jikoni. Jefwa alikuwa ameinua mkono nusu, kama mtoto asiye na hakika na jibu lake. "Aliyechekesha watu ni mimi. Hafsa, dada yangu, nisamehe. Nilidhani ni mchezo."

Hafsa alitikisa kichwa kumwitikia. Neno lenyewe Jefwa alistahili kulingoja kidogo.

Muthoka alitazama huku na huku, akaonekana ghafla mchovu na mwenye furaha kwa pamoja. Alfani atakwenda nyumbani wiki mbili. Jefwa hatashika redio hadi aambiwe. Hafsa atabaki kwenye majaribio hadi mwisho wa mwezi, na hapo ndipo wataona. "Na ile uongo ulinidanganya," akamwambia Hafsa wakati watu wakitawanyika, "tutaongea, mimi na wewe. Usifikiri nimesahau."

"Ndiyo, bwana."

Alfani alimpita mkewe akamkabidhi redio yake, maana ndiye msimamizi. Vidole vyao vikakutana juu ya kile kidude cha plastiki, vikakawia pale.

"Nitakuja kukuchukua jioni," akasema.

* * *

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, Alfani alikuta hana la kufanya nyumbani kwake, na mtu wa mikono hawezi kukaa hivyo. Waliporudi kutoka hotelini aliivuta mbuzi ya kukunia nazi hadi barazani, akaikalia, akaanza kukuna, na jirani aliyepita alipomchungulia, Alfani akawahi kumsalimu. Bi Chiku alikuwa kwenye mkeka akichambua mchicha, paka pembeni, hana wa kumtumia.

Jikoni Hafsa alikuwa na mambo mawili motoni. Samaki alishaiva, mchuzi ukaanza kukauka, ukashika chini, na tui lilikuwa bado barazani. Kichwa chake kilikuwa kingali hotelini, mchana kutwa ameita watu, na mkono wenyewe ukamwendea kiunoni kutafuta kitufe. Sauti ikatoka kabla hajakishika.

"Alfani, Alfani! Tui!"

Akasimama na mwiko mkononi. Barazani, mikono iliyokuwa ikikamua nazi ikakoma. Mchicha nao ukanyamaza. Hafsa aliufuata kwa masikio ukimya ule kupitia mpasuko wa ukuta, akisubiri paka aambiwe jambo.

"Weye Alfani!" ikaja sauti ya Bi Chiku, kali, ya mama anayefundisha mtoto. "Huna masikio? Mkeo yuwakuita. Itika, mwanangu. Itika ungali waitwa."

Hafsa alisikia mumewe akiinuka, bakuli likigongana na mbuzi, nyayo zikija. Akatokea mlangoni mwa jiko, mikono imejaa machicha ya nazi hadi vifundoni, tui likimwagika ukingoni mwa bakuli, na akamtazama usoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ya maji ya chumba cha kumi na saba.

"Nakupata," akasema.